Tusifungie Karanga Hazina Yetu

Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wazee wetu. Methali hii huikariri sana tunapozungumzia ndoa, urafiki na mashamba, lakini ni nadra kuikumbuka tunapozungumzia karatasi. Leo safu hii inakusudia kuwaomba wananchi wa Unguja na Pemba, pamoja na ndugu zetu walio maofisini, waitazame karatasi kwa jicho la methali hiyo. Hatusemi hati za nyumba wala vyeti vya kuzaliwa, ambavyo kila mtu anajua thamani yake. Tunasema karatasi inayodharauliwa kuliko zote, nayo ni gazeti la katuni, lile la hadithi zinazosimuliwa kwa picha na maneno machache yaliyotiwa ndani ya viputo.

Mwezi wa Novemba 2025, katika mnada mmoja nchini Marekani, kijitabu cha namna hiyo kiliuzwa kwa dola milioni 9.12. Kilikuwa ni nakala ya toleo la kwanza la Superman, lililotoka mwaka 1939 na kuuzwa mitaani kwa senti 10. Ndugu watatu walikikuta darini, katika nyumba ya marehemu mama yao kaskazini mwa jimbo la California, ndani ya boksi, chini ya magazeti makuukuu. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Aprili 2024, nakala ya Action Comics namba 1 ya Juni 1938, ambamo shujaa huyo alionekana kwa mara ya kwanza, ilipata dola milioni 6. Na vijana wawili waliombuni, Jerry Siegel aliyeandika na Joe Shuster aliyechora, walikuwa wameuza haki zao zote kwa dola 130. Mwaka 2012 hundi waliyolipiwa, nayo ni kipande tu cha karatasi, ilipigwa mnada ikapata dola 160,000.

Msomaji atauliza: je, ni uhaba gani huo uliokifanya kijitabu cha senti 10 kiwe na bei ya majumba? Jawabu lake ndilo kiini cha makala hii. Havikuwa adimu vilipozaliwa. Inakadiriwa kuwa nakala 200,000 za Action Comics namba 1 zilichapishwa, na leo hudhaniwa kuwa zimebaki kama mia moja hivi. Zilizosalia zilikwenda wapi? Hazikuzama baharini wala hazikuibiwa. Zilidharauliwa. Watoto walizisoma wakazikunja mifukoni, wakabadilishana mpaka kurasa zikachanika. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, wananchi wa Marekani walihimizwa kukusanya karatasi kuukuu kwa ajili ya mahitaji ya vita, na katika marundo hayo vijitabu vya katuni vilikuwa vya kwanza kutolewa. Vita vilipokwisha, ukaja moto wa namna nyingine. Mwaka 1948, katika miji kama Spencer wa West Virginia na Binghamton wa New York, wanafunzi walivirundika vijitabu hivyo na kuvitia kiberiti mbele ya wakubwa wao, kwa hoja kwamba vinaharibu akili za watoto. Mwaka 1954 daktari wa maradhi ya akili, Fredric Wertham, alitoa kitabu cha kuvishitaki, baraza la Senate likafanya uchunguzi, na wachapishaji wenyewe, kwa hofu, wakajiwekea kanuni kali za kujichuja.

Kwa hiyo kilichovipa vijitabu hivyo thamani ni dharau ya wengi na ukaidi wa wachache. Mmoja wa wakaidi hao alikuwa Edgar Church wa jimbo la Colorado, aliyenunua vijitabu kwa miaka mingi na kuvipanga kwa marundo nyumbani kwake. Mwaka 1977 mfanyabiashara Chuck Rozanski aliitwa kuvitazama, akakuta zaidi ya 16,000, vingi vyao vikiwa na weupe na rangi kana kwamba vimetoka kiwandani juzi. Mwingine ni Bill Blackbeard wa San Francisco. Huyu aliona maktaba za nchi yake zikipiga picha ndogo za filamu za magazeti ya zamani, kisha zikiyatupa magazeti yenyewe, pamoja na kurasa zote za katuni za rangi. Akaanzisha taasisi yake katika miaka ya 1960, akawa anayaokota yale yaliyotupwa na kuyajaza nyumbani kwake. Mwaka 1998 mkusanyo wake ulipochukuliwa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, ulihitaji malori makubwa sita, na uzito wake ulikuwa tani 75. Leo wataalamu husafiri kwenda huko kuyasoma yale ambayo maktaba ziliyaita takataka.

Sasa na tuvuke bahari turudi kwetu. Sisi nasi tunayo hazina ya aina hiyo, ingawa hatujaipa jina hilo. Nani aliyekuwa akisoma Kiswahili katika miaka ya 1970 asimjue Chakubanga, aliyechorwa na Christian Gregory katika gazeti la Uhuru? Alikuwa mtu wa kawaida, mwenye kustaajabia mambo ya mjini na ya wakubwa, na katika mshangao wake wananchi walijiona wenyewe. Huko Kenya, Edward Gitau alimchora Juha Kalulu katika Taifa Leo kwa miongo mingi. Kisha likavuma gazeti la Sani la Dar es Salaam, ambalo jina lake limetokana na majina ya waasisi wake, Saidi Bawji na Nicco ya Mbajo. Humo walikaa akina Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Kipepe. Mchoraji Philip Ndunguru, aliyewatia watu hao uhai, alifariki mwaka 1986 akiwa bado kijana, na kazi yake haikuachwa penginepo ila katika kurasa zile zile ambazo sisi tulikuwa tukizinunua, tukizicheka na kuzitupa.

Mwandishi wa safu hii hana haki ya kumlaumu mtu, kwa sababu naye ni miongoni mwa waliotupa. Magazeti hayo yalivuka na boti kutoka bara, yakapita mikono kumi katika mtaa mmoja wa Ng'ambo kabla ya kumfikia aliyeyanunua kwa mara ya pili. Niliyapanga yangu katika kasha la bati, nikaliweka chini ya kitanda, sakafuni, nikaondoka kwenda masomoni. Niliporudi baada ya masika mawili, nusu ya juu ilikuwa imeshikana kama mkate mmoja, na nusu ya chini ilikuwa udongo wa mchwa. Marehemu mama alikuwa ameyaokoa machache, akampa jirani muuza karanga. Jioni moja nilinunua karanga pale pale mtaani, na nilipokwisha kula nikaifungua karatasi. Lodi Lofa alikuwa akinitazama, amekatwa kiunoni, na mwisho wa kisa chake sikuupata hata leo.

Wapo watakaosema kuwa haya ni mambo ya watoto, na kwamba Serikali yenye hospitali za kujenga na visima vya kuchimba haina wasaa wa kushughulikia Lodi Lofa. Hoja hiyo ina uzito, na hatuipuuzi. Lakini na tujiulize: mtafiti wa miaka hamsini ijayo akitaka kujua wananchi wa kawaida walizungumza vipi katika miaka ya 1970 na 1980, atatazama wapi? Hotuba zitamwonyesha walivyohutubiwa. Majalada ya ofisi yatamwonyesha walivyoandikiwa. Lakini namna walivyotaniana dukani, walivyolalamika kwenye foleni, nguo walizovaa, basi walilolidandia, na maneno ya mitaani ambayo hakuna kamusi iliyoharakisha kuyapokea, yote hayo yamo ndani ya viputo vya katuni. Zama zile zilikuwa na maneno yake, kama vile kupe, kabaila na naizesheni, na kijana wa leo akiyasikia hudhani ni lugha ya nchi nyingine. Sisi tunaojivunia kwamba Kiswahili sanifu kimejengwa juu ya lahaja ya Mji wa Unguja, tungepaswa kuwa wa mwisho kuiacha lugha iliyoandikwa ikaoza.

Na kuoza itaoza, kwa sababu hali ya visiwa vyetu haina huruma na karatasi. Magazeti ya bei nafuu huchapishwa juu ya karatasi iliyotokana na mbao zilizosagwa, na ndani yake mna kitu cha asili ya mti ambacho, kikikutana na mwanga na hewa, huifanya karatasi igeuke manjano, na tindikali iliyomo huila taratibu mpaka ikavunjika kama bisi ya muhogo. Hilo hutokea duniani kote. Ila walinzi wa karatasi hushauri unyevu wa hewa uwe baina ya asilimia 30 na 50, na ukizidi kama 65 kuvu huanza kuota. Nasi tunaishi penye unyevu unaopita kiwango hicho kwa sehemu kubwa ya mwaka. Pini za chuma hushika kutu na kuitoboa karatasi. Mende na mchwa humalizia. Kile kijitabu cha California kilisalimika darini kwa sababu hewa ya kule ni ya ubaridi. Dari ya bati ya Michenzani au ya Chake Chake isingekingoja kwa miaka themanini.

Basi aliye na magazeti ya aina hiyo nyumbani na afanye mambo machache yasiyo na gharama kubwa. Ayaondoe sakafuni na ayaweke mbali na ukuta unaotoa chumvi. Ayalaze bapa, yasikunjwe, yasibanwe na mpira. Asiyatie utepe wa kunata yanapochanika, kwa kuwa gundi yake huacha doa la kahawia lisilotoka. Wala asiyapeleke kufunikwa kwa plastiki ya moto, kwani hayataweza tena kutolewa humo. Ayafungue na kuyapunga kivulini nyakati za kaskazi kavu, asiyaanike juani. Na kabla ya lolote, aandike pembeni, katika karatasi nyingine na kwa penseli, ni gazeti gani, la tarehe gani, na lilipatikana kwa nani.

Kwa upande wa ndugu zetu wa Serikali, tunayo maombi matatu, na hakuna hata moja linalohitaji jengo jipya. La kwanza, katika Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani, ambapo hati za Kiarabu na kumbukumbu za tawala zilizopita zimehifadhiwa kwa heshima inayostahiki, itengwe rafu moja kwa ajili ya magazeti ya katuni na hadithi za picha za Kiswahili. La pili, watangaziwe wananchi wa Unguja na Pemba kwamba wanaweza kuleta nakala zao zikapigwa picha na kurudishwa mikononi mwao siku hiyo hiyo, kwani wengi hawatoi kwa kuogopa kutokirudishiwa kile walichokitunza. La tatu, Baraza la Kiswahili na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar waweke wanafunzi wachache wa kukusanya msamiati uliomo humo, wakiwauliza wazee ambao bado wapo kueleza kila neno lilimaanisha nini. Maktaba ya Bunge la Marekani leo ina zaidi ya laki moja ya vijitabu vya katuni, na sehemu kubwa ilivipata bila ya kununua, kwa sababu tu sheria ya haki za uandishi iliwataka wachapishaji wapeleke nakala. Sheria ya namna hiyo ipo Tanzania pia. Kinachotakiwa ni macho ya kuhakikisha kwamba inafuatwa hata kwa yale yanayoonekana kuwa mepesi.

Hatupendi kumdanganya mtu. Asidhani aliye na Sani kuukuu kwamba kesho atafika tajiri kutoka ng'ambo na kumwekea mamilioni mezani. Soko lile lina wenyewe na taratibu zake. Tangu mwaka 2000 ipo kampuni kule Marekani inayovipima vijitabu na kuvipa alama mpaka 10, kisha inavifungia ndani ya kasha la plastiki, na aliyekinunua hakifungui kukisoma asije akakipunguzia bei. Huo nao ni msiba wa aina yake, kwani hadithi imeokolewa na mchwa ikafungwa isisomwe na mtu. Sisi tusikusanye kwa ajili hiyo. Tukusanye ili ukurasa ufunguke mbele ya mjukuu, acheke pale tulipocheka, aulize pale asipofahamu, na babu yake awe bado yupo wa kumjibu.

Masika hayako mbali. Kabla mvua haijabisha hodi, kila mmoja wetu na ainue godoro, afungue kasha, aangalie. Na wewe muuza karanga, ndugu yetu, ukimwona mtu wa picha amekaa katika karatasi unayotaka kuikunja, mweke kando. Zipo karatasi nyingine za kufungia karanga.