Wagonjwa wa Heroini na Mulango wa Hospitali

Kuna wagonjwa ambao watu wengi hawataki hata kuwaita wagonjwa. Ni wale wanaojitia heroini katika mishipa kwa sindano. Watu wanasema: «Walijitakia wenyewe, wavumilie.» Tutazame mambo ya Dar es Salaam, muji mukubwa wa Tanzania, tuone kama neno hilo linafaa.

1. Ugonjwa wenyewe. Heroini inatoka katika afyuni. Mwanzo inaleta furaha na usingizi, lakini mwili unaizoea upesi. Mwenye kuizoea, akikaa nusu siku bila kuipata, anaanza kutetemeka, kutapika na kuhara. Mifupa yote inamuuma. Basi hatafuti furaha tena. Anatafuta kutulizwa maumivu kwa siku ile tu. Ndiyo maana amri peke yake haimuponyeshi.

Sindano inaongeza hatari. Watu wawili wakitumia sindano moja, damu ya mumoja inaingia katika mwili wa mwenzake, pamoja na virusi vya sida na vya hepatiti C, ugonjwa wa ini. Mwaka 2005 iliandikwa habari ya kuhuzunisha juu ya wanawake wa Dar es Salaam. Mumoja akiisha kujipiga sindano, alivuta damu yake katika bomba, akamupa mwenzake asiye na feza, wakifikiri kwamba heroini kidogo imebaki ndani ya damu ile. Alifanya hivi kwa huruma, na huruma ile iliweza kumuua mwenzake.

2. Dawa. Mwezi wa pili wa mwaka 2011, hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa metadoni, na kazi hii ilikuwa ya kwanza ya Leta katika Afrika bara, kusini ya Sahara. Metadoni ni dawa ya kunywa. Kipimo kikiwa sawasawa, inatuliza mwili siku nzima bila kuulevya. Mara nyingi mugonjwa anainywa kila siku mbele ya mutunzaji, na wengi wanaihitaji miaka mingi. Katika nchi nyingi imeonekana kwamba vifo vya wanaoitumia havifiki nusu ya vifo vya walio nje ya matunzo hayo.

3. Vizuizi. Dawa hailipwi. Juu ya nini basi wengi hawafiki?

Kwanza, safari. Nauli ya kila siku ni muzigo kwa mutu asiye na kazi. Na akipata kazi, saa za kazi na saa za dawa zinagombana. Kwa hiyo ilifaa kusogeza dawa karibu na watu: Mwananyamala mwaka 2012, kisha Temeke na miji mingine.

Pili, woga. Anayebeba sindano safi anaogopa kukamatwa nayo na polisi.

Tatu, haya. Mugonjwa ana jipu mukononi. Akitukanwa mbele ya watu, harudi tena. Jipu lile, ambalo lingepona kwa siku chache, linaoza. Sumu inaingia katika damu, naye anakufa. Wanawake wanazuiwa zaidi, maana wanachekwa mara mbili, tena wana watoto wa kulinda.

4. Swali. Mutu atauliza: «Kumupa sindano safi, si kumusaidia aendelee?» Jibu ni hili: leo usiku atajipiga sindano hata hivyo, tunachoweza kuchagua ni kama itakuwa safi au chafu. Tena anayekuja kuchukua sindano safi anaonana na mutu anayejua jina lake, na siku moja atamuuliza habari ya metadoni. Maiti haiachi ulevi.

Na lile neno «walijitakia»? Mwenye ini lililoharibika kwa pombe, au mapafu yaliyoharibika kwa tumbako, hospitali inamupokea na kumutibu. Mugonjwa wa heroini anapashwa kupokewa vile vile.

Basi, ukikutana na mutu wa namna hii, usianze na hukumu. Tena usimwambie tu: «Nenda kwa munganga.» Mupeleke wewe mwenyewe, ungoje naye mupaka apokelewe.