Je, Wajua? Si kila kuhema ni joto

Kilosa na Mikumi jua ni kali, hivyo mbwa mdogo akihema wengi husema ni joto tu. Lakini kuhema kwa joto hutulia kivulini. Nimonia haimpumzishi hata usingizini. Hesabu mbavu zinavyopanda: aliyelala akizidi pumzi 30 kwa dakika, huku akikohoa na kususa chakula, apelekwe kwa daktari wa mifugo apewe antibiotiki kwa uzito wake. Fizi zikigeuka bluu, usingoje kuche. Panadoli ya nyumbani si njia ya mkato: huharibu ini na damu ya mbwa. Chanjo ya distempa ndiyo nafuu zaidi, kwani virusi vya ugonjwa huo huleta nimonia, na mwaka 1994 viliua takriban theluthi ya simba wa Serengeti. Wanaopakana na Hifadhi ya Mikumi wasivipuuze.