Reli ya Kusini Yaweza Kutembea Tena Ndani ya Kompyuta

Watu walioiona Reli ya Kusini ikifanya kazi sasa ni wazee, na idadi yao yapungua kila mwaka. Reli hiyo ililetwa na ule mpango mkubwa wa karanga ambao Serikali ya Uingereza iliuanza mwaka 1947, ukiwa na mashamba Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mpango ulivunjika mwaka 1951. Treni, hata hivyo, hazikukoma siku hiyo. Ziliendelea kwa miaka kadhaa kuitumikia bandari ya Mtwara na Nachingwea, na tawi likafikishwa Masasi, hata mwanzoni mwa miaka ya 1960 njia yote ikafungwa na vyuma vyake vikang'olewa.

Siku hizi iko njia ya kuirudisha reli hiyo bila kuchimba hata futi moja ya ardhi. Zipo programu za kompyuta ziitwazo viigizo vya treni: mtu huketi mbele ya kioo akaendesha injini, akapita stesheni, madaraja na vilima vilivyochorwa kwa vipimo vya kweli. Wapo wanaoziona kuwa michezo ya watoto. Lakini sehemu kubwa ya stesheni na mabehewa yaliyomo imeundwa na wapenzi wa reli wasiolipwa hata senti, na kwa jitihada zao reli nyingi za Ulaya na Marekani zilizokwisha kufa zinatembea tena. Reli ya Kusini haina sababu ya kuikosa nafasi hiyo.

Kazi hii tungependa ianzie Kitangari, nasi twapataja kwa makusudi. Treni haikuupanda Uwanda wa Makonde. Ilipita kaskazini yake. Lakini Kitangari kuna Chuo cha Ualimu, na anachojifunza mwalimu hapo hufika shule nyingi. Tena wenyeji wa uwanda huu ni wachongaji mashuhuri duniani. Mchongaji hulitazama gogo la mpingo akaiona sura iliyomo kabla hajalitia patasi. Muundaji wa maumbo katika kompyuta hufanya vivyo hivyo, ingawa yeye haondoi kitu. Huunganisha vipande bapa vya pembetatu hadi behewa likatokea.

Swali linalowasumbua wanaoanza ni kuchagua programu. Wengi huuliza ipi yenye uwezo mkubwa, au ipi inayotumiwa na makampuni ya filamu. Kwa maoni yetu hayo yanaweza kungoja. Swali la kwanza ni kama faili la kazi litaendelea kufunguka baada ya kampuni iliyotengeneza programu kufunga milango.

Mwaka 2001 Microsoft ilitoa Train Simulator, na wapenzi wengi wakawa wanauundia mchezo huo vitu vyake kwa programu iitwayo gmax, iliyotolewa bure. Ilikuwa programu nzuri. Mwaka 2005 ikasimamishwa. Faili zake hazikufunguka hata katika 3ds Max, programu ya ghali ya wenye gmax haohao. Mtu aliyekesha miaka mitatu akiunda injini akajikuta hawezi kuirekebisha ila kwa chombo kilichokwisha kuachwa na wenyewe. Mwaka 2009 Microsoft nayo ikaifunga studio iliyokuwa ikitayarisha toleo jipya la mchezo wenyewe.

Blender ilipita njia nyingine. Ilianzia Uholanzi mikononi mwa Ton Roosendaal, na kampuni yake ilipoanguka mwaka 2002, watumiaji walichanga euro 100,000 kwa majuma saba tu, programu ikakombolewa na kufanywa huria. Msomaji anayekumbuka jinsi shule za vijiji vyetu zilivyojengwa kwa michango atauelewa mtindo huo bila kuelezwa. Tangu hapo hakuna mwenye mali awezaye kuamka asubuhi akaifunga.

Kwa hiyo shauri letu ni Blender kwa maumbo, GIMP kwa picha zinazovikwa juu ya maumbo hayo, na Open Rails kwa kuendesha. Zote tatu ni huria na hazilipiwi. Open Rails, iliyoanza mwaka 2009, husoma faili za mchezo ule wa Microsoft, na wapenzi wameandika kiongezi kinachotoa maumbo ya Blender katika muundo huo. SketchUp ni rahisi zaidi kujifunza, hatubishi. Lakini toleo lake la bure hufanya kazi ndani ya kivinjari, na intaneti ikikatika kazi husimama. Matoleo mapya ya Photoshop yamekuwa yakikodishwa tu tangu mwaka 2013. Chuo kisichekwe kwa kukataa kodi isiyokwisha.

Umri wa kompyuta nao uangaliwe. Blender tangu toleo la 2.80 la mwaka 2019 hudai uwezo wa picha ambao kompyuta kuukuu nyingi hazina. Hapo toleo la 2.79 latosha kabisa kwa behewa, mradi kiongezi kitafutwe kinacholingana nalo. Na vipimo visipuuzwe: reli zilizokuja na mchezo wa Microsoft zina upana wa milimita 1,435, nayo Reli ya Kusini ilikuwa ya mita moja. Atakayeweka mabehewa yetu juu ya reli hizo atakuwa ameunda treni ya nchi nyingine. Miinuko ya ardhi si tatizo, kwani vipimo vilivyochukuliwa na chombo cha angani cha Marekani mwezi Februari 2000 hupatikana bure.

Ndugu zetu wa Unguja wasidhani jambo hili ni la bara peke yake. Tangu mwaka 1905 treni ilikwenda kutoka mjini hadi Bububu, kiasi cha maili saba, juu ya reli ya futi tatu iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani. Na kabla yake Sultani Barghash alikuwa na reli yake ya Chukwani. Maili saba ni kidogo. Pengine Wazanzibari watamaliza kabla yetu, nasi hatutaona vibaya.

Kilicho mikononi mwa Serikali ni ushahidi. Ramani yoyote, mchoro wowote wa behewa, picha yoyote ya stesheni ya reli hizi iliyomo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, au katika Nyaraka za Zanzibar, yafaa ipigwe picha na kutolewa kwa vyuo na shule bila malipo. Maofisa wanaoshughulikia reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay, inayozungumzwa kwa miaka mingi, nao wangefaidika kuiona njia ya zamani ikipanda na kushuka mbele ya macho yao.

Mwanafunzi wa kwanza asianze na injini, yenye mamia ya vipande. Aanze na behewa la mizigo lililofunikwa, ambalo ni sanduku juu ya magurudumu manane. Na kabla hajaigusa kompyuta, achukue daftari aende kwa mzee aliyewahi kupakia mizigo Masasi au Nachingwea, amuulize milango yake ilifunguka upande gani.