Rosa Mistika: Alimlaumu akiwa msichana, anamtetea akiwa mama

LIKUNI, Lilongwe. Siku ya kuwatembelea wanafunzi, mama mmoja mzaliwa wa Uvira hupanda basi dogo kutoka kambi ya Dzaleka mpaka Lilongwe, kisha jingine mpaka Likuni, ambako binti yake yuko shule ya bweni. Mara ya mwisho alibeba sabuni, karanga za kukaanga na kitabu kilichong'oka jalada: Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi.

Dzaleka iko wilaya ya Dowa, kiasi cha kilomita 45 kutoka Lilongwe. Zamani ilikuwa gereza. Mwaka 1994 ikawa kambi ya wakimbizi. Ilikusudiwa kupokea watu 10,000 hadi 12,000, lakini sasa wamo zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Sokoni, Kiswahili ndicho kinachowakutanisha.

Mama huyu alikisoma kitabu hicho mara ya kwanza alipokuwa msichana wa shule, Kigoma. Rosa, binti wa Namagondo kisiwani Ukerewe, alimchukiza. Aliona msichana aliyepata bahati ya kusoma, akaichezea kwa wanaume, akatoa mimba, na mwishowe akajiua baada ya mchumba wake, Charles, kumkataa kwa kuwa si bikira. Somo lilionekana wazi: asiyejitunza huangamia.

Wengi walikisoma hivyo. Kilipotoka mwaka 1971, riwaya hiyo ilionekana kuyasema waziwazi mno mambo ya chumbani, ikapigwa marufuku shuleni Tanzania. Baadaye ikarudi, ikawa miongoni mwa vitabu vya kufundishia fasihi. Jina lake nalo ni la kidini. Kwa Wakatoliki, wakiwamo wa Likuni penye misheni ya miaka mingi, hilo ni jina la Bikira Maria katika litania.

Likizo iliyopita, mama huyo alikuta barua ya mvulana ndani ya sanduku la binti yake. Hasira zilimpanda. Alishika fimbo, akaapa kwamba mtoto harudi Likuni. Kilichomzuia ni kumbukumbu: katika riwaya ile pia kulikuwa na barua, na kulikuwa na kipigo.

Usiku huo alikisoma tena. Safari hii macho yake hayakumfuata Rosa, yalimfuata baba yake. Zakaria ni mlevi. Mkewe, Regina, ndiye anayehangaika ili watoto wale. Baba anaponasa barua ya Charles, hamuulizi binti neno, anampiga vibaya. Kuanzia hapo Rosa anajifunza kuwaogopa wanaume, hajifunzi namna ya kuishi nao. Akitoka mikononi mwa baba, hana mtu aliyemwonyesha njia. Chuoni, mkuu wa chuo aliyepaswa kumlinda ndiye anayemtumia.

Kwa mara ya kwanza mama huyu alijiuliza kwa nini, alipokuwa msichana, hakuwalaumu Zakaria, mkuu wa chuo wala Charles, ambaye aliuhesabu ubikira wa Rosa na hakuhesabu lolote jingine. Hasemi kwamba Rosa hakukosea. Anasema makosa yake yana wazazi.

Kezilahabi, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1944 na kufariki mwaka 2020, hakulifunga shauri hilo mwenyewe. Mwishoni anawasimamisha baba na binti mbele ya Mungu, kila mmoja akimtupia mwenzake lawama. Msomaji wa miaka kumi na sita na wa miaka arobaini hawawezi kutoka na hukumu moja.

Asubuhi fimbo ilirudi jikoni. Mama alimwita binti yake, wakakaa kwenye mkeka, akamuuliza kuhusu barua. Mazungumzo yalikuwa magumu, yakachukua siku mbili. Shule ilipofunguliwa, binti alirudi Likuni, na kitabu kikamfuata siku ya kutembelewa.

Sasa amekimaliza, na hakubaliani na mama yake. Kwake, anayestahili kuulizwa zaidi ni Regina: aliona kila kitu, akanyamaza. Mama amekiri kwamba swali hilo hakulitarajia. Amemwomba binti amrudishie kitabu likizo ijayo, akisome mara ya tatu.