Serikali ikifungwa, cheti cha baharia hukwama

Mabaharia wa meli za biashara za Marekani hutegemea ofisi moja kupata vyeti vyao: Kituo cha Taifa cha Mabaharia mjini Martinsburg, West Virginia, kilicho chini ya Walinzi wa Pwani. Bunge lilipokwama kupitisha fedha kwa siku 35, kuanzia Desemba 2018 hadi Januari 2019, kituo hicho nacho kilifungwa. Mwaka 2025 serikali ilifungwa tena, safari hii kwa siku 43.

Cheti hudumu miaka 5. Cheti cha afya kwa wanaokwenda nchi za nje ni miaka 2 tu, na tarehe hiyo haisubiri bajeti. Ofisi ikifunguliwa adha haiishi, kwani maombi ya wiki zote hizo huwa yamerundikana huku mapya yakiingia.

Mwaka 2019 Walinzi wa Pwani waliongeza muda wa vyeti vilivyoisha, lakini nyongeza hiyo ilihusu vibali vya ndani ya nchi. Safari za kimataifa hufuata mkataba wa STCW wa mwaka 1978.

Hapo ndipo wasafirishaji wa Afrika Mashariki wanapoguswa. Sheria ya Marekani inataka angalau nusu ya shehena ya chakula cha msaada ibebwe na meli zenye bendera yake. Meli ikipungukiwa afisa mmoja chini ya idadi inayotakiwa, haing'oi nanga, na mwenye malori aliyekwisha kujifunga kwa tarehe ya bandarini Mombasa hubaki akihesabu siku za kusubiri.