Safari ya Damu Mwilini na Ugonjwa wa Tansio

Mtu aionaye Luama ikipita katika nchi ya Kabambare na kwenda kumwaga maji yake katika Lualaba, aweza kufahamu upesi mambo yaliyomo mwilini mwake mwenyewe. Vijito hukutana vikawa mto, na mito hukutana ikawa mto mkubwa. Vivyo hivyo damu hukusanywa na vishipa vyembamba kutoka pande zote za mwili, navyo huungana vikawa mishipa minene, mpaka damu yote ifike moyoni. Lakini mto haurudi kwenye chemchemi yake, na damu huzunguka daima. William Harvey, mganga Mwingereza, alilithibitisha jambo hilo katika kitabu alichokitoa mwaka 1628.

Mishipa ya damu ni ya namna mbili. Ateri hupeleka damu kutoka moyoni. Kuta zake ni nene, kwa kuwa hupokea pigo lenye nguvu. Vena huirudisha damu. Kuta zake ni nyembamba na laini, hivyo hutanuka na kuweka akiba: zaidi ya nusu ya damu yote ya mwili imo ndani ya vena. Lakini damu ifikapo huko, nguvu ya moyo imekwisha kupungua sana. Basi, damu ya miguuni hupandaje? Tutembeapo, misuli ya miguu huzibana vena, na ndani yake mna vilango vidogo viizuiavyo damu isirudi chini.

Sasa tuutazame ugonjwa wenyewe. Wako wadhanio kwamba tansio ni damu kuzidi mwilini, hata wakataka kuumikwa. Sivyo. Tansio ni nguvu ya damu inayosukuma kuta za ateri. Kwa mtu mzima mwenye afya kipimo huwa karibu 120 moyo ujikazapo, na 80 ulegeapo. Wauguzi wengine husema 12 kwa 8. Kikifika 140 kwa 90 au kupita, tena kwa siku mbalimbali, huo ni ugonjwa.

Kwa mgonjwa, ateri ndogo hujibana na kuta zake huwa nene na ngumu. Vena nazo hupoteza ulaini wake. Hazitanuki kama zamani, na damu nyingi zaidi husukumwa kuelekea moyoni. Moyo hulazimika kufanya kazi kubwa, hunenepa, mwisho huchoka. Mafigo huharibika. Mshipa wa ubongo ukipasuka au kuzibwa, mtu huanguka kwa kiharusi. Kwa mama mwenye mimba, tansio yaweza kuleta kifafa na kuua mama na mtoto.

Hatari yake kubwa ni kwamba haiumi. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba watu zaidi ya bilioni moja wana ugonjwa huu, na karibu nusu yao hawajui. Wengine hupewa vidonge, wakajiona wazima, wakaviacha. Hao hujidanganya: kipimo kilishuka kwa sababu ya dawa, na dawa ikikoma hupanda tena.

Kuupima ugonjwa huu hakuhitaji hospitali kubwa. Katika miaka ya 1970, kazi iliyofanywa Kasongo pamoja na Chuo cha Tiba ya Nchi za Joto cha Antwerp, Ubelgiji, ilionyesha kwamba kituo cha afya chenye wauguzi, kilicho karibu na watu, chaweza kutunza wagonjwa wengi na kuwapeleka hospitalini wale tu wanaohitaji. Ndivyo ifaavyo kwa tansio: chombo cha kufunga mkononi, muuguzi ajuaye kazi yake, na mgonjwa arudiye siku aliyoambiwa.

Nyumbani nako kuna kazi. Mtu mzima asipitishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kidogo kimoja. Makayabu yaloweshwe, na maji yake yamwagwe. Sombe lisitiwe chumvi mara mbili. Pombe ipunguzwe, tumbako iachwe, na miguu itembee.

Enyi wazazi, mkiisha kupita miaka 40, nendeni mkapimwe kila mwaka, hata kama hamwumwi. Nanyi wanafunzi, mjuao kusoma, mkumbusheni babu kumeza kidonge chake leo, na kesho pia.