Kenya: Mkopo wa usiku na siku inayopotea
Mteja anayekopa kwa simu jijini Nairobi saa saba usiku wa kuamkia tarehe 1 Aprili huenda akadaiwa siku moja kabla ya wakati. Hifadhidata za wateja kama Salesforce hutunza saa kwa majira ya kimataifa, yaliyo nyuma ya Kenya kwa saa 3. Hivyo amri ya DATEVALUE ndani ya fomula husoma 31 Machi. Siku 30 za mkopo huishia 30 Aprili badala ya 1 Mei. Dawa ni fupi: fomula iongeze 3/24 kabla ya kutoa tarehe, kwa kuwa humo siku nzima huhesabiwa 1. Kwa Rwanda na Burundi ni 2/24, tofauti inayosahaulika kwa urahisi mno.